Anayeona Moshi Hashuki

Kichwa cha mtoto kilianza kunuka moshi. Si moshi wa jikoni, maana kule juu walipikia gesi, na hakuna aliyevuta sigara, na ukungu ulikuwa umekaa siku nyingi mpaka shuka, chumvi na kiberiti vyote vilikuwa na unyevu. Mama Kidoti alimnusa mwanawe utosini kama alivyozoea kila asubuhi, akitegemea ile harufu ya maziwa na mafuta ya nywele, akakuta harufu ya nyasi zilizoungua. Akamwogesha. Akamnusa tena. Ipo.

Alimwita mumewe. Baba Kidoti akainama, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mimi nasikia sabuni tu. Au pua yako nayo imeanza kulinda moto? Niiombee ajira?"

Akacheka mwenyewe. Mkewe hakucheka, ila hakubishana, kwa sababu ukiwa mgeni mahali unaogopa kuonekana mwoga, na ugeni wao pale kileleni ulikuwa haujatimiza hata mwezi.

Baba Kidoti alikuwa amepata kazi ya mlinzi wa mnara wa moto. Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi: kaa juu, angalia msitu pande zote, ukiona moshi waambie kituoni uko wapi kabla haujawa moto. Mnara ulikuwa na miguu minne ya chuma iliyozikwa kwenye zege, na ngazi iliyozunguka ndani ya miguu hiyo hadi kwenye kibanda cha vioo. Chini yake kulikuwa na nyumba ya mabati ya chumba kimoja na tangi la maji. Basi. Jirani wa karibu alikuwa kituo cha msitu, mwendo wa karibu siku nzima kwa miguu, na njia yenyewe imejaa mawe yanayoteleza. Wingu likipita linapita mlangoni, unafungua mlango unakuta nje hakuna nje.

"Huu ni wa tatu," mumewe alimwambia siku waliyofika, akiupiga mnara kofi kama mtu anayesifia ng'ombe. "Kwanza ulikuwa mti tu. Mti mrefu, wakaupigilia vyuma vya kupandia, mtu anakaa juu na tarumbeta, akiona moshi anapuliza. Mti ukakauka, wakajenga mnara wa mbao, mchwa wakaula. Ndipo ukaja huu. Na mwenzake ukajengwa kule ng'ambo ya bonde, kwenye kile kilele kilichochongoka, wanakiita Pembe, ili macho yawe mawili..." Hapo mtoto akalia, hadithi ikakatika, na wote wawili wakaisahau.

Alimfundisha kazi, kwa sababu siku za kuteremka kufuata chakula lazima mtu abaki na redio. Katikati ya kibanda kulikuwa na meza ya duara, juu yake ramani, na ramani imezungukwa na bangili pana ya shaba iliyochorwa digrii. Unaangalia moshi kupitia tundu la shaba, unasoma digrii, unavuta uzi kutoka kwenye msumari wa mnara wako. Mnara wa pili nao unatoa digrii zake, unavuta uzi wa pili. Nyuzi zinapokutana, pale ndipo penye moto. Radi ikipiga unakaa kwenye kigoda chenye miguu ya vioo, hugusi chuma. Hayo yote alimweleza akitania tania. Ila jambo moja hakulitania.

"Ukishathibitisha moshi, hushuki. Uwe na njaa, uwe na homa, hushuki mpaka itangazwe kwamba moto umezimwa. Kwa sababu kuna watu wameingia humo msituni kwa kufuata macho yako. Ukishuka, umewaacha gizani."

"Hata mtoto akiumwa?"

"Ndiyo maana wengi hapa walikuwa makapera," alisema Baba Kidoti.

Kisha gesi ikakaribia kuisha na unga nao ukaelekea chini, akabeba begi tupu akateremka. Kwenda siku moja, kurudi siku moja, na ya katikati ya kusubiri gari la kituo. Mama Kidoti alimtazama mpaka ukungu ukamla miguu, kisha kiuno, kisha kofia.

Upweke wa mahali pale hauelezeki. Si ule upweke wa kukosa watu. Ni upweke wa kuonekana kutoka pande zote na kutokujua nani anakuona. Alipanda kibandani na mtoto mgongoni, akafuta vioo, akaimba, akaacha kuimba kwa sababu sauti yake ilikuwa inarudi kutoka kwenye vioo vinne kwa wakati tofauti. Akakaa. Mchana ule ule redio ikakoroma.

"Mnara Mkuu, Mnara Mkuu, hapa Pembe."

Sauti ya mwanaume, ya upole, imechoka kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuongea siku nzima.

"Hapa... hapa Mnara Mkuu. Mwenyewe hayupo, kateremka kituoni. Mimi ni mke wake."

"Aa, shemeji. Habari za huko?"

"Nzuri. Za huko kwako?"

"Za huku kimya. Hakuna la kazi, shemeji. Nilitaka kusikia mtu tu."

Na yeye je, si alitaka kusikia mtu? Kwa hiyo waliongea. Mtu angewasikia angedhani ni majirani wanaopokezana stori juu ya ua. Alimwambia mtoto anaota meno, sauti ikasema ampe karoti baridi atafune, akamwambia karoti ziliisha juzi, sauti ikasema basi ampe kidole lakini ajue amejitakia. Akacheka, cheko la kwanza kwa siku nyingi. Akamuuliza kama ana mke.

"Mke anataka mwanaume anayerudi nyumbani."

"Si urudi basi."

"Nipokelewe zamu kwanza, shemeji. Huwezi kuacha macho wazi hivi hivi."

"Na unapika nini huko peke yako?"

"Sijapika siku nyingi," sauti ikasema. "Huku hakupoi."

Alidhani amesikia vibaya. Alishuka, akapika, akalala amemkumbatia mtoto, pua yake iko mbali na utosi ule kwa sababu harufu ilikuwa imezidi. Asubuhi aliamka akiwa na hamu ya kupanda juu, ndiyo, tuseme ukweli, alikuwa na hamu, akapanda na chai yake kwenye chupa. Wakaongea tena. Hata hakuona ajabu kwamba yule bwana wa Pembe hakuwahi kukohoa wala kusema kwaheri, wala kwamba taa ndogo ya redio, ile nyekundu inayowaka mtu anapoita, ilikuwa imezima muda wote.

Siku ambayo mumewe alitegemewa kurudi, saa za adhuhuri, ukungu ulifunguka ghafla kama mtu amevuta pazia. Jua likapiga bonde lote. Na sauti ikaja, safari hii si ya soga, ni ya kazi.

"Mnara Mkuu, hapa Pembe. Naona moshi. Digrii mia mbili na kumi. Nithibitishie."

Mama Kidoti akaruka kwenye meza. Akageuza bangili ya shaba, akachungulia tunduni. Kule bondeni, katikati ya kijani, kulikuwa na kitu chembamba cha kijivu kimesimama wima. Ungeweza kusema ni ukungu umesahaulika.

"Nauona... nadhani."

"Shemeji, kwenye kazi hii hakuna nadhani. Unauona au huuoni?"

"Naomba nimwite kwanza mtu wa kituoni."

"Ukichelewa watu wanaungua. Unauona au huuoni?"

Mtoto mgongoni akatoa kichwa kwenye mbeleko, akanyoosha mkono kuelekea dirishani, akaguna kama anayeonyesha paka.

"Nauona," Mama Kidoti akasema. "Nathibitisha."

Ikaja pumzi ndefu redioni, ndefu mno, ya mtu aliyetua mzigo baada ya kuubeba miaka.

"Asante. Nilidhani nitauona peke yangu mpaka mwisho."

Kwa fahari zaidi ya woga, akaita kituoni. Dada wa kituoni, yule anayekaa na redio kutwa akifuma vitambaa, alipokea akicheka.

"Tumekusikia, Mama Kidoti. Unajitahidi. Mumeo alisema amekufundisha, lakini hatukujua unafanya mazoezi kwa bidii hivyo."

"Mazoezi gani? Yule wa Pembe ameona moshi, na mimi nimeuona, pelekeni watu."

"Wa wapi?"

"Wa Pembe. Si nimekuwa naongea naye tangu juzi?"

"Mama Kidoti," dada akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka kama watu wanaoongea karibu na mgonjwa, "sisi tangu juzi tunakusikia wewe tu. Unauliza, unanyamaza, unacheka. Tulidhani unaongea na mtoto na umesahau kidole kwenye kitufe."

Mumewe alifika jioni, kamba za begi zimemkata mabega, akamkuta amekaa mlangoni na mtoto mapajani na nguo zao zimefungwa kwenye shuka. Akamweleza yote kwa mkupuo. Alipotaja Pembe, Baba Kidoti akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha upande mmoja.

"Pembe hakuna mnara," akasema. "Uliungua. Zamani, mwaka wa moto mkubwa. Sikukwambia?"

Akampa darubini. Mama Kidoti akaangalia ng'ambo, mahali ambapo kwa siku tatu moyo wake ulikuwa umechora kibanda cha vioo na mtu mpole ndani yake. Kulikuwa na vigingi vinne vya zege vimetoka ardhini kama meno, na nyasi.

Wakasema hapa halali mtu. Wakawasha tochi, wakashika njia. Mpaka kwenye kona ya kwanza, penye jiwe lililopakwa chokaa, mtoto alikuwa amelala fofofo. Walipoipita tu kona, akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu mzima. Akakohoa tena, macho yakamtoka machozi, na katika mwanga wa tochi mama yake akaona masizi yakimtoka puani, meusi, laini, na kifua kidogo kile kikawa kinavuta hewa na hewa haiji, kinavuta na haiji, na midomo inageuka rangi, na yeye anampuliza usoni, anampigapiga mgongo, anamwita jina lake mara ngapi sijui, mpaka mumewe akampokonya na kukimbia naye kurudi juu, si kwa akili, kwa woga tu, na walipoipita kona kurudi kileleni kikohozi kikakatika. Kama bomba lililofungwa. Mtoto akapiga chafya, akatafuta titi.

Asubuhi Mama Kidoti akasema, "Aliyethibitisha ni mimi. Mchukue wewe, teremka naye, mimi niache."

Baba Kidoti akamchukua. Akarudi kabla chai haijapoa, shati lake limejaa masizi ya pua ya mtoto, hawezi kuongea.

Sasa tangu hapo walikaa kama watu waliofungiwa ndani ya taa. Kila adhuhuri sauti iliita, na haikujali tena kama redio imezimwa. "Naona moshi," kisha digrii, tofauti na za jana. Mama Kidoti hakujibu, lakini vidole vyake vilienda vyenyewe kwenye meza, vikavuta uzi wa Pembe kwenye digrii zilizotajwa, kisha akachungulia tunduni na kuuona ule mstari wa kijivu, akavuta na uzi wake, na nyuzi zikakutana. Siku ya kwanza zilikutana bondeni. Ya pili, mtoni, upande huu. Halafu kwenye mteremko. Halafu kwenye kona ya jiwe la chokaa. Vioo vilianza kushika masizi, na ukivifuta unakuta yako ndani, hayako nje. Chuma cha ngazi kilikuwa cha moto asubuhi wakati umande bado umelala juu ya bati. Na jioni, wakiwa wamekaa chini na mlango umefungwa, walivisikia viatu vizito vikipanda ngazi ya mnara, vikipanda, vikipanda, na ngazi ile haina hatua nyingi hivyo, mtu angekuwa ameshafika mara kumi, lakini vyenyewe vilikuwa bado vinapanda.

Baba Kidoti aliteremka mbio kituoni, maana yeye hakuwa amethibitisha kitu na njia ilimruhusu. Alirudi na watu wawili. Wa kwanza ni mganga, mama mmoja mnene mwenye viatu vya mpira, aliyepanda mlima wote akilalamika kwamba majini ya siku hizi hayana adabu, yanakaa mahali pasipo na barabara. Wa pili ni mzee waliyemwita Nyapara, kwa sababu enzi zake alikuwa kiongozi wa kikosi cha kuzima moto, na jina lilibaki kazi ilipoondoka.

Mganga alishika ngazi ya mnara, akapanda nusu. Akasimama. Akaweka sikio kwenye chuma, akakaa hivyo kama anayesikiliza mimba, kisha akateremka taratibu bila kulalamika tena, akaanza kurudisha vitu vyake kwenye mkoba.

"Huyu si wa dawa," akasema. "Nikifukuza, nafukuza kitu kilichokuja kukaa. Huyu hajakaa. Huyu yuko kazini."

"Ni Kipanga?" Nyapara akauliza.

"Ana sauti ya mtu, lakini mtu alishaisha. Sauti tu ndiyo jini limeibakiza. Lenyewe ni la zamani kuliko chuma hiki."

Akambusu mtoto utosini, akakunja pua, akaenda zake kabla jua halijapinda.

Nyapara ndiye aliyewaeleza, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaongea chini chini kana kwamba mnara una masikio. Kipanga alikuwa mlinzi wa Pembe, aliitwa hivyo kwa macho yake. Mwaka wa moto mkubwa aliona moshi, akaita, na huku Mnara Mkuu hapakuwa na mtu, mlinzi wake alikuwa hospitali. Kituoni wakasubiri mnara wa pili uthibitishe. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Kipanga hakushuka. Alitoa digrii mpaka digrii zikawa za kwake mwenyewe, moto ukamkuta juu.

"Lakini hakuwa wa kwanza," Nyapara akasema. "Enzi za mnara wa mbao alikuwepo mmoja asiyeshuka. Enzi za mti, mmoja. Na babu zetu waliofungua msitu huu walisema hawakuchagua mti ule kwa urefu. Walipofika, walikuta mtu yuko juu yake, anaangalia bonde. Hana vyuma vya kupandia, hana kamba. Kuna jini la mlima huu, wanangu, na halili nyama. Linapenda macho. Likipata mtu wa kuangalia badala yake, linatulia. Mama, ulithibitisha na mtoto mgongoni. Limehesabu macho manne."

"Linaondokaje?" Mama Kidoti akauliza. Alikuwa hana haja ya hadithi. Alikuwa anahesabu pumzi za mtoto.

"Moto ukitangazwa umezimwa, mlinzi anashuka. Sheria hiyo inalifunga hata lenyewe. Lakini hautangazwi na mtu mmoja. Lazima minara yote miwili iseme haioni moshi."

Wote watatu wakatazama ng'ambo, kwenye vigingi vile vya zege.

"Nitaenda mimi," Baba Kidoti akasema.

"Usiende."

"Sasa nani aende, Mama Kidoti? Mzee wa watu na magoti yake?"

"Magoti yangu yana heshima kuliko ulimi wako," Nyapara akasema, ila hakuinuka.

Baba Kidoti akachukua redio ndogo ya mkononi. Alimshika mtoto shavuni, pale penye kidoti, akamwambia mkewe, "Ni maneno mawili tu. Mimi nasema sioni, wewe unasema huoni, jioni tunakula kwa dada wa kituoni." Akateremka bonde.

Kesho yake adhuhuri Mama Kidoti alikuwa kibandani na mtoto mgongoni, Nyapara pembeni yake. Kwenye darubini alimwona mumewe, mdogo kama sindano, amesimama katikati ya vigingi vinne. Ile sauti ikaita kwa wakati wake. Naona moshi. Akavuta uzi, akaona kwamba safari hii nyuzi hazikutani popote, zimelala moja juu ya nyingine, kutoka msumari hadi msumari. Kutoka Pembe hadi hapa.

Ndipo redio ya mkononi ikaingia, sauti ya Baba Kidoti, inahema.

"Kaka. Mimi nipo hapa Pembe. Nimekuja kukupokea zamu. Shuka."

Redioni wakasikia viatu. Vizito, vinashuka ngazi ya chuma, na pale aliposimama Baba Kidoti hapakuwa na ngazi ya chuma. Vikashuka polepole mpaka vikakanyaga nyasi, vikapita, vikaenda. Na kibandani ile harufu ikainuka kama kifuniko. Mama Kidoti akageuza shingo akanusa utosi wa mwanawe. Maziwa.

"Haraka," Nyapara akanong'ona. "Tangazeni. Kabla halijatafuta mwingine."

Mama Kidoti akainama kwenye tundu la shaba ili aseme alichotakiwa kusema. Akauona. Moshi mweusi, mnene, unapanda kutoka kati ya vigingi vile vinne, unamzunguka mumewe kiunoni.

"Mzee, unaona?"

"Naona nyasi na mumeo. Sema."

"Anaungua."

"Haungui, linakuonyesha. Ukisema unauona umethibitisha, utakaa hapa na mtoto huyu mpaka muishe. Sema huoni."

Mtoto akakohoa mgongoni. Mara moja tu, kikavu. Basi hiyo ikatosha, na Mama Kidoti akafumba macho ili angalau asiwe mwongo kabisa, akabonyeza kitufe.

"Mnara Mkuu. Sioni moshi."

Wakasubiri kauli ya upande wa pili. Maneno mawili. Redio ikachemka, ikatulia, ikachemka.

"Mama Kidoti." Hakuwa anahema tena. Alikuwa anaongea polepole kama mtu asiyetaka kumshtua mtoto aliye ukingoni mwa kisima. "Toka hapo. Mchukue mtoto utoke."

"Hakuna kitu huku, Baba Kidoti. Tuko salama. Sema huoni."

"Moshi uko chini ya mnara. Umeshika ngazi. Unapanda."

Nyapara akaunyakua mdomo wa redio. "Usiseme hivyo, bwana. Ni mchezo wake. Tamka kwamba huoni, kisha ugeuke utembee."

"Siwezi kusema sioni, mzee, na mke wangu yumo."

"Baba Kidoti, nakuomba," mkewe akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Mimi nimesema sioni. Na nilikuwa naona."

Ilikuwa kama amefikiria jambo hilo akalielewa, na kuelewa hakukumsaidia.

"Shukeni," akasema. "Mimi nitaangalia njia. Naona moshi, digrii mia mbili na thelathini. Mnara Mkuu, nithibitishie."

Nyapara akazima redio. Akamshika mkono kwa nguvu ambayo magoti yake hayakuonyesha kuwa anayo.

"Usimjibu. Kwa chochote. Teremka."

Waliteremka. Redio iliyozimwa iliita nyuma yao kwa sauti anayoijua kuliko zote duniani, sauti iliyomtania kuhusu pua yake, inaita kwa adabu, inarudia, Mnara Mkuu, nithibitishie, Mama Kidoti, nithibitishie, uko hapo, na yeye akawa anashuka ngazi huku ameuma ncha ya mbeleko ili mdomo wake usijibu, akashuka, akapita tangi la maji, akapita nyumba yake mlango uko wazi, na walipofika kwenye jiwe la chokaa akasimama. Nyapara akamsukuma. Wakaipita kona. Mtoto akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Kisha akaanza kucheza na hereni ya mama yake.

Watu wa kituo walikwenda Pembe kumfuata. Walimkuta mzima, amekaa juu ya kigingi kimoja cha zege, anatazama ng'ambo. Wakambeba. Kwenye kona ya kwanza ya kushuka Pembe alikohoa masizi mpaka akazimia, wakamrudisha. Wakajaribu tena, ikawa vile vile. Nyapara akatafuta mtu wa kupanda Mnara Mkuu amalizie yale matamko, na wawili wakajitolea, na wote wawili walichungulia tundu la shaba wakashuka bila kusema walichokiona, wakaacha kazi. Basi wakamjengea kibanda cha mabati pale pale. Mnara Mkuu ukafungwa kwa kufuli na ufunguo ukakaa kituoni, kwenye msumari juu ya kiti cha dada wa redio.

Mama Kidoti anakaa kituoni siku hizi, anapika chakula cha kikosi. Kila wiki anapanda Pembe na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa na mtoto mgongoni, ingawa mtoto sasa ni mzito na anataka kutembea. Njia inamruhusu kwenda na kurudi. Moshi wa mumewe hakuuthibitisha.

Safari ya mwisho alimkuta amekaa palepale, ndevu zimejaa, macho mekundu kwa kutokupepesa. Hakumgeukia. Hajawahi kumgeukia. Humtazama mtu kama anavyotazama tawi linalomkinga.

"Habari yako, Baba Kidoti."

"Sogea kidogo, dada, unanizibia."

Akasogea.

"Wewe unatoka kituoni?" akauliza. "Wale wameshashuka? Mke wangu, na mtoto?"

"Walishashuka. Siku nyingi. Ni mimi hapa. Huyu ndiye Kidoti."

Akafikiria. Mkono wake mmoja ulikuwa umekingwa juu ya macho, kama afanyavyo mtu mwenye jua usoni, na siku ile ilikuwa ya mawingu.

"Mbona bado nawaona dirishani?" akasema. "Amembeba mgongoni. Ananipungia mkono."

Mama Kidoti hakugeuka. Akakaza fundo la mbeleko kifuani, akafungua sufuria, akapakua. Kisha akakaa chini karibu yake, bega kwa bega, ila yeye ameupa mnara mgongo, akaanza kumlisha mumewe kwa mkono, polepole, maana ukimwachia sahani chakula kinapoa hajakigusa.